Amplifaya ya Mama Mdogo

Wiki iliyopita nilinunua amplifaya ya hedifoni, ile ya bei ya watu wa kawaida, kwa kijana anayeuza chaja na kava za simu hapa mtaani kwetu Bagamoyo, mjini Tukuyu. Ni kidude kidogo kinachoenea kiganjani, chepesi kuliko nilivyotegemea, chenye kitufe kimoja cha kuzungusha na matundu mawili, moja la simu na moja la hedifoni. Mimi ni mshonaji, nashinda juu ya cherehani, na simu yangu peke yake haina ubavu wa kushindana na cherehani. Nikachomeka, nikavaa hedifoni, nikazungusha kitufe taratibu. Kwa bei yake sina malalamiko. Besi inatoka imara, mwimbaji anasikika mbele bila kukwaruza, na mpaka uzidishe nusu ya kitufe ndipo kinaanza kulialia. Lakini kabla sijacheza wimbo wowote, kikiwa kimewaka tu, kilinipa mvumo fulani mwembamba usiokatika, shiii, na kilipoanza kupata moto kikatoa harufu ya plastiki na risasi ya kulehemu ya mafundi redio.

Nilivua zile hedifoni nikaziweka juu ya kitambaa cha mteja, na siku hiyo sikushona tena. Mvumo ule naujua. Kuna mtu niliyemwangamiza kwa mvumo ule nikiwa na miaka tisa, na sijawahi kumwambia yeyote, hata mume wangu.

Kwetu ni Kisondela, ndani kidogo, ambako siku hizo bodaboda zilikuwa zinafika kiangazi tu na masika unatembea mwenyewe. Wa rika langu mliokulia Rungwe mtakumbuka habari za ukutila, ile heshima ya wakwe. Mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja, hagusi alichokigusa, na akimsikia anakuja njiani anatoka, anachuchumaa kwenye migomba akiwa amempa mgongo mpaka mzee apite. Kwenye nyumba nyingi mambo hayo yalikuwa yameshalegea, mtu anapiga goti kidogo kando ya njia, basi. Kwa babu yangu hayakulegea hata kidogo. Alikuwa mzee wa kanisa, Jumapili alizungusha kikapu cha sadaka, na siku nyingine zote alilinda heshima yake kwa kukohoa. Kikohozi kile hakikuwa ugonjwa. Alikohoa njia nzima ili wake za wanawe wajue anakuja.

Mama mdogo, mke wa mdogo wake baba, alikuwa ametoka Masukulu. Mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye mtoto mmoja wa miaka mitatu aliyeitwa Atupele. Mwaka ule aliugua malaria kali, akachomwa sindano nyingi za kwinini, na alipoinuka kitandani masikio yalikuwa yameziba. Hakuwa kiziwi wa moja kwa moja. Ukimpigia kelele sikioni alidaka neno mojamoja. Lakini kikohozi cha mtu aliye upande wa pili wa migomba hakukisikia tena, na ndani ya mwezi mmoja akawa amekutana na babu uso kwa uso mara mbili.

Baada ya mara ya pili babu hakula siku nzima. Jioni alimtuma bibi na hukumu, na bibi akaisema uani, mbele yetu sote, kwa Kiswahili chake kilichojaa Kinyakyusa.

"Mzee amesema hivi. Mala ya tatu anarudi kwao Masukulu. Mtoto anabaki, maana ng'ombe za mahari zilitoka hapa. Amemaliza."

Mama mdogo alitutazama midomo mmoja baada ya mwingine ili aelewe. Baba mdogo ndiye aliyemsogelea akampigia kelele sikioni yale maneno, moja moja, mpaka akayapata. Hakulia. Alimnyanyua Atupele akamweka mgongoni akamfunga vizuri na kitenge, ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea.

Ndipo nilipopewa kazi ya kuwa masikio yake. Alipokwenda kisimani au shambani nilifuatana naye, na babu akitokea nilimvuta kitenge. Hakuwa na haja ya kuuliza. Aliacha alichoshika, akajitupa migombani, akachuchumaa na kujifunika uso. Mtu mzima, mrefu kuliko baba yangu, akiangushwa na vidole vyangu viwili. Sidhani kama nimewahi kuwa na mamlaka makubwa kuliko yale tangu siku hizo.

Wiki ya kwanza nilifanya kazi yangu vizuri. Wiki ya pili nilimvuta kitenge babu hayupo. Nilikuwa na wenzangu wawili wa darasa letu wamejificha nyuma ya mibuni ya kahawa, na mama mdogo alipojirusha kwenye matope na ndoo yake tulicheka mpaka tukashika matumbo. Alipoinuka, magoti meusi, aliniuliza kwa lile lisauti lake la mtu asiyejisikia, "Amepita?" Nikaitikia kwa kichwa kwamba amepita. "Ndaga, mwanangu," akasema. Ananishukuru.

Baada ya hapo nikaanza kuchagua mahali. Penye upupu nilivuta. Penye mfereji wa maji ya kuoshea masufuria nilivuta. Na tulipochoka na hilo tukagundua jingine tamu zaidi. Nilisimama nyuma yake nikamwita kisiki. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, kwamba baba mdogo ataoa mwingine mwenye masikio na Atupele atamwita huyo mama. Akihisi nipo aligeuka, akaona midomo yangu inacheza, akatabasamu: "Haya, nakuja." Wenzangu waligaragara chini. Najua kuna watakaosema ule ulikuwa utoto. Utoto gani? Atupele alikuwa mtoto kuliko mimi, na kila alipotaka kumwambia mama yake jambo alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamgeuzia uso wake, ndipo akasema.

Baba mdogo alikuwa akichuma chai kwenye mashamba ya jirani, na huko aliambiwa kuna fundi redio mjini Tukuyu, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, Fundi Sefu, anayeweza kutengeneza kidude cha kumsaidia mtu asikie. Tulikwenda wote watatu, mimi nikiwa mlinzi wa njiani kama kawaida. Kibanda chake kilikuwa kimejaa redio zilizofunuliwa matumbo, na kulikuwa na ile harufu ya risasi inayochomwa. Fundi alimkalisha mama mdogo kwenye kigoda, akamgongea bisibisi nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto, akimtazama macho.

"Bwana," akamwambia baba mdogo, "masikio ya mkeo hayajafa. Sauti zinafika mpaka mlangoni, zinabisha hodi, ila hazina nguvu ya kuingia. Zimejazana hapo nje tu. Kazi ya hiki kisanduku ni kuzisukuma."

"Zitaingia zote?" nikauliza.

"Zote, bibie. Hata ya sisimizi."

Yeye alikuwa ananitania. Mimi sikuona utani. Maana niliielewa habari hiyo vizuri kabisa, kwa akili ya miaka tisa: kila neno lililosemwa nyuma ya mama mdogo tangu augue lilikuwa bado lipo, limepanga foleni mlangoni mwa sikio, linangoja kusukumwa. Na maneno mengi kwenye foleni hiyo yalikuwa yangu.

Kidude chenyewe kilikuwa cha kuchekesha. Fundi alikiunda ndani ya kopo la plastiki la kuwekea sabuni ya kuogea, saketi akaitoa kwenye redio iliyokufa, akatoboa mbele tundu la kutosha punje ya hindi na nyuma yake akaweka maiki. Pembeni kitufe cha kuzungusha. Chini betri ndogo mbili. Waya ukaenda kwenye hedifoni kuukuu zenye sponji moja lililochanika. Akafunga kamba ya kiatu ili kininginie kifuani. Ndiyo amplifaya ya kwanza niliyowahi kuiona, na kwa uzuri wa kazi yake hii yangu ya dukani haioni ndani.

Fundi alimvisha, akazungusha kitufe. Mama mdogo akainua uso juu.

"Mvua," akasema.

Kulikuwa na jua, jambo ambalo kwa Tukuyu lenyewe ni habari. Fundi akacheka, akasogea mbele ya lile tundu, akasema bila kupaza sauti, "Hiyo ni sauti ya mashine yenyewe, mama. Utaizoea. Ukisikia hiyo mvua ujue kimewaka."

"Nimesikia," akasema mama mdogo. Kisha akajishika mdomo, macho yamemtoka. "Mimi ndiye napiga kelele hivi? Siku zote?"

"Kidogo," baba mdogo akasema.

"Kidogo!" Akaanza kucheka, akakisikia kicheko chake, akacheka zaidi. Alisugua kitenge chake mbele ya tundu ili asikie nguo. Alikuna ukucha mezani. Njia nzima ya kurudi alisimama kila baada ya hatua chache kutuuliza hiki ni nini na kile ni nini, na vyote vilikuwa majani ya mgomba. Nyumbani alipiga magoti mbele ya Atupele akamwomba aseme kitu. Atupele akasema anataka ndizi. Akamwomba arudie. Mtoto akarudia, akarudia, mpaka akakasirika akaanza kulia, na mama yake akakisikiliza hata kile kilio kama wimbo, machozi yanamtiririka. Hapo nilijisikia vibaya kidogo, siwezi kukataa. Hali hiyo ilipita upesi.

Nyumba ilibadilika. Mama mdogo, aliyekuwa akipayuka, sasa aliongea kwa kunong'ona. Bibi alilalamika kwamba kidude kile kinasikia mpaka tumbo lake linavyonguruma. Akina mama wa jirani waliokuwa wakimsengenya akiwa amekaa katikati yao sasa walihamia kusengenya kisimani. Babu akapita njiani akikohoa kama zamani, na mama mdogo akatoka njiani mwenyewe, kwa wakati wake, bila kujirusha, akachuchumaa kwa heshima kamili. Babu alimwambia bibi kwamba ameridhika. Hukumu haikufutwa, lakini ilikaa kimya.

Na mimi nikaachishwa kazi. "Pumzika sasa, mwanangu," mama mdogo aliniambia, "umeteseka sana na mimi." Wenzangu wawili hawakuja tena, maana hapakuwa na cha kuangalia. Nikarudi kuwa mtoto wa kutumwa kuni kama watoto wengine. Nilikichukia kile kisanduku kwa hilo peke yake. Lakini zaidi nilikiogopa. Kila siku nilimtazama mama mdogo usoni nikijiuliza foleni imefika wapi. Niliwaza kwamba maneno ya watu wazima yatatangulia kwa kuwa yana nguvu, kisha yatafuata ya kwangu, kisiki kwanza, halafu yale ya baba mdogo kuoa.

Siku ya nne au ya tano aliniita jikoni. Alikuwa anamenya ndizi za kupika, utomvu umemganda vidoleni.

"Njoo hapa, wewe," akasema, anacheka. "Leo nimekusikia. Kumbe una maneno mengi hivyo!"

Asubuhi ile nilikuwa nimewafukuza kuku wa bibi kwenye mpunga uliokuwa juani nikiwatukana kwa majina yao yote. Hicho ndicho alichosikia, na ndicho kilichomchekesha. Leo nalijua hilo. Siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba foleni imenifikia, na kwamba anacheka sasa kwa sababu ndiyo kwanza limeingia neno la kwanza.

Kesho yake alipokwenda kuoga aliacha kisanduku juu ya kinu. Nilikuwa na kipande cha mshumaa mfukoni. Nilikikanda nta ikalainika, nikaizungusha kama dawa ya kidonge, nikaisukumia ndani ya lile tundu mpaka ikajaa na kwenda sawa na plastiki. Sikuzima kitu. Sikugusa betri. Nilitaka tu mlango ufungwe ili maneno yangu yabaki nje.

Alirudi, akakivaa, akazungusha kitufe, mvua yake ikanyesha, akatosheka. Akachukua ndoo akaelekea kisimani. Bibi akanipa kidumu nimfuate.

Njia ya kisimani kwetu ni nyembamba, migomba huku, mfereji huku, na katikati kuna kona. Nilikuwa nyuma yake hatua kumi hivi wakati tunarudi. Alikuwa na ndoo imejaa kichwani, kisanduku kifuani, anatembea kichwa juu, amestarehe, mtu mwenye uhakika wa masikio yake. Upande wa pili wa kona babu akakohoa. Mimi nilimsikia. Akakohoa tena, karibu zaidi. Mama mdogo akaendelea kutembea. Kikohozi cha tatu kilikuwa kama cha hasira.

Hatua kumi mtoto anazikimbia kabla hujamaliza kupumua. Ningemfikia kitenge. Nimejipa sababu nyingi kwa miaka mingi, kwamba nilishikwa na butwaa, kwamba kidumu kilikuwa kizito. Ukweli ni kwamba nilisimama nikawaza: si walisema niache kazi? Basi wajue umuhimu wangu.

Walikutana kwenye kona, kifua kwa kifua. Ndoo ilimwagika yote juu ya babu, kofia ikamtoka. Walitazamana. Mama mdogo alipiga ukelele mmoja na kuanguka chini, uso kwenye udongo, hedifoni zimemteremkia shingoni, na babu akasimama pale akichuruzika maji, kisha akageuka akarudi alikotoka.

Watu walijaa. Bibi alinipa kisanduku nikipeleke nyumbani kisilowe. Nilikwenda nacho nyuma ya banda la mbuzi, nikavunja mwiba wa mlimao, nikachokonoa nta yote, kidogo kidogo, nikalisugua tundu kwa gauni langu mpaka likang'aa. Sikukusudia ubaya wowote zaidi. Niliogopa kuchapwa, ni hivyo tu. Niliona kwamba kikirudi kuwa kizima, hakuna kilichotokea.

Jioni wakakaa sebuleni. Babu, baba yangu, baba mdogo na bibi. Mama mdogo hakuweza kuingia alipo babu, kwa hiyo alikaa jikoni na Atupele mapajani, na mtu alihitajika wa kupeleka maswali na kurudisha majibu. Nikaitwa mimi. Nani mwingine? Mimi ndiye niliyejua kusema naye.

"Kamwulize," akasema babu, "kile kitu chake kilikuwa kimewaka?"

Nikavuka ua. Nikamwekea mdomo sikioni nikamwuliza. Mama mdogo alinishika mkono kwa nguvu.

"Waambie kilikuwa kimewaka, mvua yake niliisikia. Lakini ndani hakukuwa na kitu kingine. Hata ndege. Hata miguu yangu sikuisikia. Waambie hivyo hivyo, mwanangu, waambie kiliniziba. Si unanijua? Mimi nitamdharau baba?"

Nikavuka ua nikarudi. Wote wakanitazama.

"Amesema kilikuwa kimewaka," nikasema.

"Na nini tena?" akauliza baba mdogo.

"Basi."

Baba mdogo akakichukua kile kisanduku mezani akakigeuzageuza. "Labda kimehalibika," bibi akasema, na namshukuru kwa hilo, alikuwa peke yake aliyejaribu. Babu hakuweza kukigusa kwa sababu kilikuwa kimevaliwa na mkwe wake, akamwamuru baba yangu akijaribu. Baba akavaa hedifoni, akazungusha kitufe. Babu akatoka nje akaenda mpaka kwenye migomba, akakohoa mara moja, kidogo, akarudi.

"Nimesikia," baba akasema. Akavua hedifoni polepole. "Nimesikia na kuku anaparura nje."

Babu alikaa akaweka mikono juu ya magoti. Hakuwa na hasira. Ningependa kuwaambia alikuwa mkatili, lakini alisema kama mtu anayefunga hesabu iliyo wazi.

"Alipokuwa kiziwi nilimvumilia mara mbili. Kiziwi ana sababu. Sasa mashine ipo, nzima, na mwenyewe amekiri ilikuwa inafanya kazi. Anasikia kuku, mimi hanisikii? Basi amechagua."

Baba mdogo aliangalia buti zake za kuchumia chai. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na maneno nilikuwa nayo, mafupi tu. Babu akaniambia nikampelekee jibu. Nikampelekea. Hilo nilimpa lote, neno kwa neno, sikupunguza.

Asubuhi walikuja kaka zake wawili kutoka Masukulu. Mambo ya namna hiyo huwa hayachukui muda. Walikunywa chai, wakazungumza na babu mambo ya parachichi na barabara, wakaagana. Kisanduku kilibaki juu ya meza, maana kilinunuliwa na mtu wa nyumba hii, na tena, alisema babu, amekwishaonyesha kwamba hakimfai. Mama mdogo alikuwa na furushi moja na begi. Bibi alimshauri aondoke wakati Atupele amelala ili asimsumbue, naye akakubali. Alimtazama mtoto pale mkekani muda mrefu, akamfunika miguu, akatoka. Aliponipita alinishika kichwa. Sijui alijua nini. Nimejiuliza maisha yangu yote, na bado mkono wake nausikia utosini.

Walishuka ile njia, kaka mmoja mbele, mwingine nyuma na begi, yeye katikati na furushi kichwani. Wote walitoka uani kuangalia, na majirani wakasimama kwenye baraza zao. Hapo ndipo Atupele alipoamka. Alitoka mbio bila nguo, akaona mgongo wa mama yake, akaanza kumwita. Alimwita kwa sauti ambayo sijasikia tena kwa mtoto yeyote, hata wangu. Kaka wa nyuma aligeuka, akasita, akatazama mbele tena. Mama mdogo aliendelea kwenda, mwendo ule ule, shingo imenyooka chini ya furushi, haharakishi wala hapunguzi.

"Mama! Mama!"

"Jamani muoneni," akasema jirani mmoja, mikono kiunoni. "Mtoto analia hivyo, hata hageuki. Moyo gani huo?"

"Mzee alisema kweli," akajibu mwingine. "Ana kiburi."

Baba mdogo aliingia ndani akafunga mlango. Atupele alikuwa mikononi mwangu anarusha mateke, ananiuma mkono, anataka kwenda. Kati yetu sote pale uani mimi peke yangu nilikumbuka kwamba kisanduku kiko mezani na kwamba hasikii, na mimi ndiye niliyekuwa nimewahi kumkimbilia mara mia na kumvuta kitenge. Lakini nilikuwa nimeambiwa nimshike mtoto asimfuate mama yake, na nilimshika mpaka wakaishia migombani.